BJØRN IBSEN, DAKTARI ALIYEWAPUMULIA WAGONJWA

Katika somo lililotangulia tulijifunza kwamba mtu huvuta pumzi kwa nguvu ya misuli. Msuli mpana ulio chini ya mapafu hushuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Kisha misuli hulegea, na hewa chafu yenye kaboni dayoksaidi hutoka. Je, misuli hiyo ikipooza, mtu atapumuaje? Swali hilo lilimkabili daktari mmoja wa Denmark, aliyeitwa Bjørn Ibsen.

Ibsen alizaliwa mwaka 1915 huko Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika Ulaya ya Kaskazini. Alihitimu udaktari mwaka 1940. Mwaka 1949 alikwenda Boston, Marekani, kujifunza kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa. Mgonjwa aliyelala usingizi huo mzito huenda asiweze kupumua vema. Kwa hiyo daktari humpumulia kwa kuminya mfuko wa mpira uliojaa hewa. Siku hizo kazi hiyo ilijulikana zaidi ndani ya chumba cha upasuaji.

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliukumba mji wa Copenhagen. Polio huletwa na virusi ambavyo huharibu neva zinazoendesha misuli. Wagonjwa, wengi wao watoto, walipelekwa katika hospitali ya Blegdam. Baadhi yao walipooza misuli ya kumeza na ya kupumua. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani pipa kubwa ambamo mgonjwa hulazwa huku kichwa kikibaki nje, pamoja na mashine sita ndogo za kufungwa kifuani. Katika majuma matatu ya kwanza wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo. Kati yao 27 walikufa.

Mkuu wa madaktari, Profesa Lassen, alisita kwanza, lakini mwishowe akakubali Ibsen aitwe. Damu ya wagonjwa ilionekana kuwa na kaboni dayoksaidi nyingi mno, na madaktari walidhani kwamba hiyo ni dalili ya kasoro nyingine mwilini. Ibsen alifikiri vingine. Aliona kwamba hewa chafu ilikuwa haitoki, kwa sababu mapafu hayakuwa yakipata hewa ya kutosha.

Tarehe 27 Agosti 1952 aliletewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lake lilitobolewa chini kidogo ya koromeo, na mpira mwembamba ukaingizwa katika njia ya pumzi. Hata hivyo msichana alihangaika sana, na hewa ikakataa kuingia. Baadhi ya madaktari waliokuwa wakitazama walikata tamaa wakaondoka. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukalegea, naye akaanza kuminya mfuko taratibu. Hewa ikaingia, na rangi ya ngozi ikarudi. Alipopunguza kuminya, msichana alitokwa na jasho. Alipominya vizuri tena, dalili hiyo ikatoweka. Hivyo ndivyo alivyothibitisha mawazo yake, na msichana yule akapona hatari ile.

Sasa ikawa lazima kupata watu wa kuminya mifuko, kwa maana mashine za kazi hiyo hazikuwapo za kutosha. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa. Walikaa kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko kwa mikono. Mgonjwa mmoja aliweza kuhitaji kazi hiyo kwa majuma mengi. Kuna wanafunzi waliowasomea watoto hadithi huku mkono ukiendelea na kazi yake. Na mgonjwa alipokufa, mwanafunzi aliyekuwa akimpumulia alikuwapo pale pale. Wakati wa shida kubwa, wagonjwa 70 walipumuliwa kwa wakati mmoja. Vifo vilipungua sana: hapo kwanza katika kila wagonjwa 10 walikufa karibu 9, lakini baadaye walikufa 3 au chini ya hapo.

Mwezi wa Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya Copenhagen chumba maalumu cha wagonjwa mahututi, ambamo waliangaliwa saa zote 24. Vyumba vya namna hiyo vikaenea duniani. Humo mashine husukuma hewa mapafuni, kama vile mikono ya wanafunzi wale ilivyofanya. Ibsen alifariki mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 91.