Barbara Jordan: Ramani iliyompa Seneti, ramani iliyomletea lawama

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1962 mwanasheria kijana wa miaka 26, Barbara Jordan, aliwania kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Texas, nchini Marekani. Alipata kura zipatazo 46,000 na kushindwa. Mwaka 1964 alirudi ulingoni, akapata takriban 64,000, na kubwagwa tena na mpinzani yule yule, Willis Whatley. Mwaka 1966 aliomba kiti cha Seneti ya jimbo hilo, na safari hii akamwacha mpinzani wake mbali sana. Jiji lilikuwa lile lile la Houston. Kilichokuwa kimebadilika ni mipaka ya uchaguzi.

Jordan alizaliwa Februari 21, 1936, na kukulia Fifth Ward, mtaa wa watu weusi mjini Houston. Baba yake, Benjamin, alikuwa karani wa ghala na mchungaji wa Kibaptisti. Binti huyo alisoma katika shule za ubaguzi, kisha Chuo Kikuu cha Texas Southern, kilichoanzishwa ili Weusi wasije wakadai nafasi katika chuo kikuu cha Wazungu. Huko alijipatia sifa katika midahalo. Mwaka 1959 alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Boston, akarejea nyumbani na kuanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Siasa aliingia mwaka 1960, alipozunguka mitaani kuwahamasisha Weusi wampigie kura John Kennedy na mgombea mwenza wake, Lyndon Johnson.

Kushindwa kwake mara mbili hakukutokana na uhaba wa wafuasi. Wakati huo wabunge wa kaunti ya Harris, ambamo Houston imo, walichaguliwa na wapiga kura wa kaunti nzima. Mgombea mweusi aliweza kuzoa kura zote za mitaa yake na bado akamezwa na wingi wa Wazungu wa mitaa mingine. Isitoshe, aliyetaka kupiga kura alilazimika kwanza kulipa kodi, mzigo uliomwelemea zaidi fukara. Kwa upande wa Seneti hali ilikuwa ya ajabu zaidi: katiba ya Texas haikuruhusu kaunti yoyote kuwa na zaidi ya seneta mmoja, hata Harris yenye watu zaidi ya milioni moja.

Juni 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wilaya za uchaguzi wa mabunge ya majimbo lazima zilingane kwa idadi ya watu. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la mahakama, Texas ilichora upya ramani yake, na Februari 1966 kodi ya kura nayo ikafutwa. Katika ramani hiyo ilizaliwa wilaya mpya ya 11 ya Seneti. Jordan alipoichunguza aligundua kuwa ilijumuisha mitaa mingi aliyokwisha kushinda. Weusi hawakufikia nusu ya wakazi, lakini wakiungana na wafanyakazi wa rangi nyingine walitosha. Katika kura za maoni za chama cha Democratic alimshinda J.C. Whitfield, mbunge mzungu aliyekuwa na rekodi nzuri miongoni mwa wapenda mageuzi.

Januari 1967 aliapishwa, Mweusi wa kwanza katika Seneti ya Texas tangu mwaka 1883 na mwanamke pekee miongoni mwa maseneta 31. Hakwenda kufanya fujo. Alijifunza kanuni, akajenga urafiki hata na wahafidhina, na akashiriki kupitisha sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara jimboni humo. Machi 1972 wenzake walimchagua rais wa muda wa Seneti. Juni 10 mwaka huo, kwa desturi ya jimbo, alikuwa gavana wa siku moja. Siku hiyo ya shangwe baba yake alipatwa na kiharusi, na kesho yake akafariki.

Hapa ndipo historia yake inapokuwa ngumu. Mwaka 1971 ramani ilichorwa tena, naye Jordan akiwa makamu mwenyekiti wa kamati iliyohusika. Katikati ya Houston ikapatikana wilaya ya 18 ya Bunge la Marekani, iliyomfaa yeye barabara, huku wilaya yake ya zamani ya Seneti ikibadilishwa kiasi cha kumnyima Mweusi mwingine nafasi ya kushinda. Mbunge mweusi Curtis Graves, aliyekitamani kiti hicho, alimshutumu kwa kuwauza watu wake, akaenda mahakamani, kisha akapambana naye katika kura za maoni za 1972. Wapiga kura walimkataa Graves kwa kishindo. Hata hivyo, hoja yake haikuwa ya kupuuzwa: Seneti ya Texas haikupata tena seneta mweusi hadi mwaka 1983, alipoingia Craig Washington.

Huko Washington, Jordan alijulikana dunia nzima Julai 1974 kwa hotuba yake katika kamati iliyojadili kumshtaki Rais Richard Nixon. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kazi yake kubwa zaidi ilikuja mwaka 1975, alipopigania Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ipanuliwe hadi Texas. Tangu hapo, na hadi uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2013, jimbo hilo halikuweza kutumia ramani mpya bila idhini ya serikali kuu au mahakama. Gavana na wanasiasa wengi wa kwao walimpinga.

Aliacha ubunge mwaka 1979, akiwa tayari anaugua maradhi ya mishipa ya fahamu, akafundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Kiti cha wilaya ya 18 alikirithi Mickey Leland, aliyefariki katika ajali ya ndege Ethiopia mwaka 1989, akielekea kwenye kambi ya wakimbizi. Baada yake akaja Craig Washington yule yule. Jordan alifariki Januari 17, 1996, akiwa na miaka 59. Alizikwa Austin, katika makaburi ya jimbo la Texas, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa nafasi humo.