George Abell: mtu aliyehesabu makundi ya galaksi kwa macho

Mmarekani George Ogden Abell, mjuzi wa elimu ya nyota, alifariki tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka 1983 akiwa na miaka 56. Kazi aliyoianza akiwa kijana, ya kuhesabu makundi ya galaksi, ilikuwa bado haijamalizika. Lakini zaidi ya miaka 40 baadaye, makundi hayo yangali yanaitwa kwa jina lake.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota. Jua letu ni nyota moja tu ndani ya galaksi yetu. Galaksi nazo hukaa kwa makundi, mamia hata maelfu pamoja, zikishikiliwa na nguvu ya uvutano. Shida ni kuyatambua makundi hayo. Mtu anayesimama usiku kando ya Ziwa Kivu akitazama taa za wavuvi wa sambaza anaifahamu shida hiyo: taa mbili zinaonekana zimekaribiana, kumbe moja iko karibu na pwani na nyingine iko mbali sana nyuma yake. Picha ya anga ni hivyo hivyo. Inaonyesha galaksi ziko upande gani, haionyeshi umbali wake.

Abell alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 1927 mjini Los Angeles. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuwaelezea wageni mambo ya anga kwenye kituo cha Griffith, katika mji huo huo. Alisomea Taasisi ya Teknolojia ya California, na hapo ndipo alipopata nafasi iliyobadili maisha yake.

Mwaka 1949, wataalamu wa mlima Palomar, kusini mwa California, walianza kupiga picha za anga yote inayoonekana kutoka huko. Abell alikuwa mmoja wa wale waliokesha kwenye darubini. Picha zilitoka kwenye vioo vyenye upana wa sentimita 35 hivi, na kila sehemu ya anga ilipigwa mara mbili, kwa mwanga mwekundu na kwa mwanga wa bluu. Hakukuwa na kompyuta ya kusoma vioo hivyo. Abell alivipitia mwenyewe, karibu 900, kimoja baada ya kingine, akitumia kioo kidogo cha kukuzia.

Lakini jicho huchoka, na jicho hupenda kuona kile linachokitafuta. Kwa sababu hiyo Abell alijiwekea masharti. La kwanza lilihusu wingi: kundi lilipaswa kuwa na galaksi zisizopungua 50 zenye mwanga wa kutosha. Kipimo cha mwanga hakikuwa galaksi inayong'aa kuliko zote, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa mgeni aliyepita mbele ya kundi. Alichukua ile ya tatu kwa mwangaza, kisha akahesabu zote ambazo mwanga wake haukupungua zaidi ya mara sita hivi chini ya hiyo.

Sharti la pili: galaksi hizo zote ziwe ndani ya duara moja. Kwa vipimo vya leo, kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ni kama miaka milioni 7 ya mwanga. La tatu lilihusu umbali, ambao aliukadiria kwa mwangaza wa galaksi ya kumi. Makundi yaliyo karibu mno aliyaacha, kwa kuwa yanaenea kwenye vioo vingi. Yaliyo mbali mno pia aliyaacha, kwa kuwa yanafifia. Aliepuka vilevile sehemu ambako vumbi la galaksi yetu linaziba macho.

Orodha yake ilichapishwa mwaka 1958, ikiwa na makundi 2,712. Abell hakudai kwamba yote yana uzito sawa. Alitenga 1,682 yaliyotimiza masharti yote, na ni hayo aliyoyatumia kwa hesabu. Hesabu hiyo ilimwonyesha kwamba hata makundi yenyewe hukaa kwa makundi. Fritz Zwicky, mwanasayansi wa Uswisi aliyefanya kazi California, alikataa jambo hilo. Zwicky alitunga orodha yake kwa masharti mengine na kuitoa katika vitabu sita kati ya 1961 na 1968. Uchunguzi uliofuata ulimpa haki Abell.

Hata hivyo, tatizo la taa za ziwani halikuisha. Wengine walionyesha kwamba baadhi ya makundi ya Abell yalikuwa galaksi za umbali tofauti zilizopangana tu machoni. Leo makundi hutafutwa pia kwa gesi ya moto iliyomo ndani yake, ambayo hutoa miale ya eksirei, na kwa rangi nyekundu ya galaksi zake za zamani, ambayo kompyuta huitambua haraka.

Abell alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na kitabu chake cha masomo cha mwaka 1964 kilifundisha wanafunzi wengi. Katika miaka yake ya mwisho alirudi kwenye vioo, safari hii vya anga ya kusini, vilivyopigwa Australia. Kifo kilimkuta kazini. Wenzake Harold Corwin na Ronald Olowin waliimaliza, na mwaka 1989 orodha ikafika makundi 4,073.

Namba za kusini zinaanza baada ya 2,712. Kundi ambalo darubini ya James Webb ililitumia hivi karibuni kuona galaksi za kale sana nyuma yake linaitwa Abell 2744. Limo katika ile nusu ambayo Abell hakuiona ikichapishwa.