Abdallah bin Hemedi: Mwandishi Aliyetunza Habari za Milima Yetu

Kila mwaka kijitabu chetu cha harambee hutenga ukurasa mmoja kwa ajili ya mtu aliyeitendea mema milima ya Usambara. Mwaka huu tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa Msambaa. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemy alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, na kazi yake ilikuwa ukarani. Hata hivyo, bila kalamu yake sehemu kubwa ya historia tunayojivunia ingezikwa pamoja na wazee walioijua.

Alikuja huku katika miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, akawa karani na mshauri wa Semboja, mtawala wa Mazinde. Wanaopita barabara ya Mombo kwenda Same wanapajua Mazinde: ni bondeni, chini ya milima. Zama hizo misafara ya Pangani ilipita hapo na pembe za ndovu, nguo na bunduki. Aliyekaa Mazinde alisikia habari za pwani na za bara siku moja.

Zilikuwa nyakati nzito. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alirithi kiti, lakini Semboja, mtoto wa Kimweri, hakukubali. Vita vikaja, Vugha ikateketezwa kwa moto, na Shekulwavu akakimbia. Wabondei nao wakaasi utawala wa Wakilindi. Watu waliuzwa utumwani, na ufalme uliokuwa mmoja ukagawanyika vipande. Bwana Abdallah aliyaona mengi ya hayo akiwa karibu na wenye maamuzi.

Wengine waliokuwepo walibaki na kumbukumbu vichwani. Yeye aliandika. Alisikiliza waliojua, akapanga masimulizi yao tangu Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, hadi vita vya wakati wake mwenyewe. Kazi hiyo ikawa kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Jina lenyewe linaeleza kazi ya mtu huyu: alikuwa mwandishi wa habari kabla gazeti halijawa kitu cha kawaida katika nchi yetu.

Lililo la kupendeza zaidi ni namna kitabu kilivyotoka. Kilichapwa kwa sehemu tatu, ya mwisho mwaka 1907, na waliokichapa ni misheni ya Waanglikana ya UMCA kule Magila, Muheza. Magila ndiko lilikotoka pia gazeti la Habari za Mwezi, na baadaye shule ya serikali ya Tanga ikatoa gazeti la Kiongozi. Hivyo maneno ya Mwislamu kuhusu wafalme wa Wasambaa yalipita mikononi mwa wachapaji wa Kikristo ili yatufikie sisi. Kwa watu wa Rangwi, tunaoshirikiana misibani na harusini bila kuulizana dini, hilo ni fundisho zuri.

Wakati wa Wajerumani Bwana Abdallah alifanywa liwali wa Tanga. Alifariki mwaka 1912. Mwaka 1962 kitabu chake kilitolewa tena mjini Nairobi chini ya uhariri wa J. W. T. Allen, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza.

Kumheshimu si kusema kwamba aliandika kila kitu. Alikaa upande wa Semboja, na kitabu chake ni habari za watawala kuliko za wakulima. Mkulima aliyechimba mfereji, mama aliyeficha watoto wakati wa vita, mganga wa mvua, hao hawakupata nafasi ya kutosha. Mwanahistoria Steven Feierman alipokuja Usambara miaka ya 1960, hakutosheka na kitabu peke yake. Alipanda milima akawauliza wazee, na kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa kimesimama juu ya vyote viwili: maandishi na midomo ya wazee.

Wazee wale karibu wote wametangulia. Wa sasa nao wanaondoka mmoja mmoja, na kila tunapopanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika, tunajua tumezika na habari. Kazi yangu ni uhasibu, na wahenga walishasema kwa niaba yetu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya Rangwi ni mali, na daftari lake bado ni tupu.

Ndiyo maana katika harambee ya mwaka huu, pamoja na madawati na vitabu vya shule, tunaomba fungu dogo la kuwawezesha wanafunzi kukaa na wazee, kuwarekodi, kuandika masimulizi yao kwa Kisambaa na Kiswahili, na kuyachapa. Matumizi yatasomwa kwenye mkutano mkuu, shilingi kwa shilingi.

Ndugu zangu mlioko mijini na ng'ambo, mtu wa pwani alituandikia sehemu yake. Iliyobaki ni yetu. Changia ulichojaliwa, na ukienda nyumbani, chukua kalamu ukamketishe bibi yako akusimulie.