Ibn al-Haytham: Mwanachuoni aliyeuhoji mwanga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, aliyepata kufika Kipili, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, huenda amemwona mvuvi akitumbukiza kasia lake majini, nalo likaonekana kana kwamba limevunjika pale linapokutana na maji. Akilitoa, ni zima. Mtoto wa sekondari hukutana na jambo hilo katika fizikia, likiitwa kupinda kwa mwanga. Wengi hukariri kanuni yake bila ya kuuliza imejulikanaje. Leo tumtazame mwanachuoni aliyeutumia umri wake katika maswali ya namna hiyo.

Huyu ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra, Iraq, takriban mwaka 965 Miladia. Alibobea katika hesabu na elimu ya nyota, sifa zake zikafika Misri kwa mtawala al-Hakim wa dola ya Fatimiyya. Inasimuliwa kwamba alidai angeweza kuudhibiti mto Nile ili watu wanufaike nao maji yanapojaa na yanapopungua. Mtawala akamwita, akampa watu na zana. Njiani aliyaona majengo makubwa ya Wamisri wa kale, na alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan akatambua kuwa lau jambo lile lingewezekana, mafundi wale wasingeliacha. Akarejea Cairo na kukiri kushindwa mbele ya mtawala aliyeogopwa kwa ukali wake.

Wanahistoria wanaeleza kuwa baadaye, kwa kuihofia roho yake, alijifanya amerukwa na akili, akazuiliwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Kisha aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akipata riziki yake kwa kunakili vitabu vya hesabu, hadi alipofariki takriban mwaka 1040.

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Kabla yake, mabingwa wa Kiyunani kama Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho ndilo litoalo miale iendayo kukigusa kitu. Ibn al-Haytham aliwaheshimu, lakini heshima hiyo hakuifanya kuwa ushahidi. Kwanza alitazama: mwenye kulikazia macho jua huumia, basi kuna kitu kinachoingia jichoni kutoka nje. Kisha akajaribu. Aliweka taa kadhaa, kila moja mahali pake, mbele ya tundu linaloelekea kwenye chumba cha giza, na ndani ukutani yakaonekana madoa ya mwanga kwa idadi ya zile taa. Akiifunika taa moja, doa lake hutoweka, akiifunua, hurudi. Ikathibiti kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwamba mianga mingi hupita tundu moja bila ya kuchanganyika.

Hapa ndipo lilipo somo kwa mwanafunzi aliyekaa mbele ya swali la fizikia. Atazame kwanza amepewa nini na anatafuta nini, achore, akisie, kisha alipime jibu lake dhidi ya hali halisi. Likikataa, asilipambe, bali arudi mwanzo, kama alivyorudi mwanachuoni yule kutoka Aswan.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapwa Basel mwaka 1572. Huku kwetu, mwaka 1963, mwanafunzi wa Magamba, Erasto Mpemba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakunyamaza, akamuuliza mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, naye akalijaribu badala ya kulidharau. Mwaka 1969 wakachapisha matokeo yao kwa pamoja, na mpaka leo wataalamu wanalijadili jambo hilo.

Basi wazazi wenzangu, mtoto anapouliza kwa nini kasia linaonekana limevunjika, tusimkaripie kwa kuwa hatuna jibu. Tumpe kijiti na bilauri ya maji, tukae naye, tutazame pamoja. Kusema sijui si aibu kwa mzazi, kwani kwa Ibn al-Haytham elimu ilianzia katika kukiri.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.