Tippu Tip, msomaji wa watu

Mcheza poka hodari hatazami karata zake tu. Anaweka kumbukumbu za wenzake: huyu huogopa dau likipanda, yule hujitapa akiwa na karata mbovu. Katika Kongo ya mashariki ya karne ya 19, aliyeijua sana kazi hiyo ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip. Lakini dau lake lilikuwa pembe za ndovu na maisha ya watu.

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830, akaingia bara angali kijana. Kabla ya kufika Utetera, alisikia kwamba zamani mtawala wa Urua aliteka huko dada wawili wa ukoo wa kichifu. Akayashika majina yao. Alipofika mbele ya Chifu Kasongo Rushie, aliyekuwa mzee, alijitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee akaamini, akamwachia utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwake.

Mwaka 1876 alikubali kumsindikiza Stanley kuteremka mto Lualaba. Aliahidiwa zawadi kubwa. Baadaye alichopokea ni picha ya Stanley. Hakusahau. Walipokutana tena Unguja mwaka 1887, mapatano yaliandikwa mbele ya konseli wa Uingereza: Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls kwa Mfalme Leopold II, na atoe wapagazi. Mwaka huohuo Stanley akapita msitu wetu wa Ituri, akakuta humo kambi za wafanyabiashara waliotoka pwani. Kwa njia za misafara ya namna hiyo Kiswahili kilipenya bara, hata leo sisi wa Nizi na Bunia tunakitumia sokoni na nyumbani.

Alirudi Unguja, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Alifariki mwaka 1905.

Kitabu hicho ni hazina kwa mwanafunzi wa lugha. Mwandishi anakumbuka nani alimdai, nani alimwogopa, pembe zilikuwa na uzito gani. Lakini wengi wa waliozibeba pembe hizo, wakiwa wapagazi au watumwa, hawana majina humo. Aliwaandika wale aliocheza nao. Waliokuwa dau hakuwaandika, nasi tunaokisoma yatupasa kuwauliza.