Sultani Salahuddin na Baitul Mukaddas

Watu wengi wamjua Sultani Salahuddin Yusuf bin Ayyub kwa upanga wake. Wachache ndio waijuao insafu yake, na hiyo ndiyo iliyofanya hata maadui zake walitaje jina lake kwa heshima.

Yeye hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mkurdi, aliyezaliwa Tikrit, katika nchi ya Iraki, mwaka 532 wa Hijra (1137-38), akakulia nchi ya Sham. Mwaka 1169 alishika uwaziri wa Misri baada ya kufa ami yake, Shirkuh. Huko alijenga madrasa na kuwakirimu wanavyuoni. Alipofariki Sultani Nuruddin mwaka 1174, alianza kuziunganisha Misri na Sham, kazi iliyomchukua zaidi ya miaka kumi, kwani aliona kuwa Waislamu waliofarikiana hawawezi kukomboa kitu.

Wakati huo Baitul Mukaddas ulikuwa mikononi mwa watu wa Msalaba. Walipouingia tarehe 15 Julai 1099, waliwaua Waislamu na Mayahudi kwa wingi, kisha wakakataza watu wa dini hizo mbili kukaa humo.

Tarehe 4 Julai 1187 Salahuddin alilishinda jeshi lao huko Hattin, karibu na ziwa la Tabaria, baada ya kuwazuilia njia ya maji katika jua kali. Hatufichi kwamba baada ya vita hivyo aliamrisha kuuawa mateka waliokuwa mashujaa wa majeshi yao ya kidini.

Mwezi wa Septemba aliuzingira Baitul Mukaddas. Mkuu wao, Balian, alipotaka amani, Sultani kwanza alikataa, akikusudia kuuingia mji kwa upanga kama walivyouingia wao. Balian akaonya kuwa watawaua mateka wa Kiislamu na kuibomoa misikiti mitukufu kabla ya kufa. Sultani akashauriana na watu wake, akakubali fidia: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na kwa mtoto chini ya hapo. Akauingia mji siku ya Ijumaa, mwezi 27 Rajab 583 (2 Oktoba 1187), wala watu wake hawakuchinjwa. Ndugu yake, al-Adil, aliomba apewe maskini 1,000, akawaacha huru. Hata hivyo, maelfu walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani.

Baadhi ya washauri walitaka Kanisa la Kaburi libomolewe, yeye alikataa. Mayahudi nao wakaruhusiwa kurudi kukaa mjini. Tena mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi, Musa bin Maymun, alikuwa tabibu katika baraza ya waziri wake huko Misri.

Mwaka 1191 mfalme Richard wa Uingereza aliwaua mateka wa Kiislamu zaidi ya 2,000 huko Acre. Juu ya hayo, mwezi wa Septemba 1192 Salahuddin alifunga naye sulhu, na mahujaji wa Kikristo wakapewa ruhusa ya kuzuru Baitul Mukaddas kwa amani.

Alifariki Damascus mwezi 27 Safar 589 (4 Machi 1193). Katika hazina yake ilikutwa dinari 1 na dirhamu 47 tu, hata gharama za mazishi zikakopwa.

Mimbari aliyoileta kutoka Aleppo na kuiweka katika Msikiti wa Aqsa ilidumu hapo karibu miaka 800, mpaka ilipochomwa moto tarehe 21 Agosti 1969. Nchi ile imemwaga damu nyingi tangu vita vya 1948 na 1967, na kila zikizuka fitina watu huuliza yuko wapi Salahuddin mwengine. Basi na tujiulize: twamtaka yule wa Hattin peke yake, au pia yule aliyeushika mji akauacha uwe na nafasi ya Mwislamu, Mkristo na Myahudi? Kuushinda mji ni kazi ya siku chache. Kuwafanyia uadilifu walioshindwa ndio mtihani. Mwenyezi Mungu amrehemu.