Whorf na bido tupu

Kwetu Eringeti esanse inauzwa kando ya barabara, kwa mabido na chupa. Ndiyo maana maisha ya Benjamin Lee Whorf yananigusa. Alizaliwa Marekani 1897, akasomea uhandisi wa kemia, na kuanzia 1919 akawa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Katika ripoti za ajali aliona kwamba penye mapipa ya petroli watu walijihadhari, penye mapipa matupu wakavuta sigara, kumbe mvuke uliobaki ndani ndio hulipuka. Akalilaumu neno. Mimi namkubali nusu: bido tupu halina kitu, lakini esanse tupu ni esanse isiyochanganywa! Lugha, hasa Kihopi, alizichunguza nje ya kazi, akisoma kwa Sapir huko Yale. Nafasi kadhaa za kitaaluma alizikataa, akabaki na bima hadi kansa ilipomuua 1941.